Kichochoro Ambacho Hakikuwepo

Binti mmoja mchora mabango alikuwa hodari wa kazi yake. Mchana alichora mabango ya maduka, jioni alikaa na mama yake. Mama alikuwa na hamu moja tu: kuuona tena mtaa wao wa zamani. Mtaa ule ulibomolewa ili barabara kuu ipite, na majirani wakatawanyika. Sasa macho ya mama yalikuwa yanafifia. Binti aliogopa kuchelewa.

Basi akanunua dukani ramani ya zamani yenye mtaa ule. Akaweka karatasi nyepesi juu yake, akafuatisha kila mstari, akapamba maua pembeni. Alitaka kuchapa nakala mia, awauzie majirani wa zamani.

Mama aliisogeza karatasi karibu na pua. "Hiki kichochoro ni cha wapi?"

"Kipo kwenye ramani, Mama."

"Mwanangu, nimepita hapo miaka thelathini na ndoo kichwani. Hapo palikuwa ukuta."

Kesho yake binti alikwenda kwa Miwani, mwanamke mwenye duka la kuchapa, akamweleza habari ya kichochoro. Miwani alicheka mpaka akafuta machozi.

"Umenaswa, shoga. Wachora ramani wengine huweka kitu cha uongo makusudi, wamjue anayewanakili. Hii siichapi."

"Lakini ramani nimeinunua. Na mtaa ni wetu."

"Umenunua karatasi, hukununua haki ya kunakili. Njia ilipita wapi, hilo halina mwenyewe. Mchoro ndio una mwenyewe. Yeye ndiye aliyehangaika, akachagua mistari na alama. Hata ukiweka maua, yako imetoka kwenye yake."

"Kumbe nimetwanga maji kwenye kinu."

"Mwandikie mwenye ramani, umwombe ruhusa ya maandishi. Au tafuta ramani ambayo wenyewe wameruhusu itumiwe. Lakini soma masharti yao kwanza, na useme umeitoa wapi. Au chora ya kwako toka mwanzo."

"Nitaichoraje? Mtaa wenyewe haupo."

"Mama yako si yupo?"

Maneno hayo yalimchoma. Siku zote alimchorea mama, hakumuuliza kitu.

Ramani ya dukani akaikunja, akaiweka kabatini. Mama akasimulia, yeye akachora. Majirani wanne wakaitwa, wakabishana bomba lilikuwa upande gani hadi chai ikapoa. Wakahesabu hatua kwa kukumbuka. Mistari ilipinda kidogo, lakini kila mlango ulikuwa na mtu aliyeujua. Chini binti akaandika: "Imechorwa kwa kumbukumbu za wakazi."

Miwani akachapa zote mia bila wasiwasi. Majirani walizigombania, na mmoja alilia wazi, hakujificha.

Mama alitembeza kidole polepole mpaka mlangoni pao.

"Mbona baba yako hayupo barazani, alipozoea kukaa?"

"Kwenye ramani hawachorwi watu, Mama."

"Hiyo ni ile ya dukani. Hii ni yetu. Mchore."

Binti akachukua kalamu, akamchora.