Mzazi wa Chiriku Asimame

Siku mwalimu alipoingia nchi ya watu, suruali yake ilimkana mbele ya umati.

Alikuwa ndiyo kwanza ashuke basi pale stendi kuu, saa nne asubuhi, watu wamejaa kama siafu. Shati jeupe limenyooshwa mpaka linakata, tai ya buluu, viatu vinang'aa, maana mama yake alimwambia mgeni huangaliwa miguu kwanza. Akainama kunyanyua sanduku lake. Prraa! Mshono ukafunguka kuanzia kwenye mkanda hadi huko kusikoota jua.

Wachukuzi wa mizigo wakapiga makofi. Mwalimu akaketi juu ya sanduku haraka, na nadhani angeketi pale mpaka mkataba wake wa miaka miwili uishe, lau si sauti ya mwanamke kutoka kibanda cha cherehani kando ya dirisha la tiketi.

"Kaka, hilo si kiti."

"Najua, dada. Lakini nikisimama kutakuwa na maonyesho."

"Maonyesho tumeshayaona. Ingia huku nyuma ya pazia kabla hawajaanza kutoza kiingilio."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, gauni la kijani limemkaa kama limemiminwa, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Akampa kipande cha kitambaa cha mapazia ajifunge. Kilikuwa na mawaridi makubwa kama sahani. Mwanamume mzima akasimama na mawaridi yake, huku fundi anakanyaga cherehani na kuuma midomo asicheke.

"Umekuja kufanya kazi gani?"

"Kufundisha. Shule ya msingi."

"Mwalimu! Basi nakupigia mshono mara mbili. Watoto wa huku wana macho."

Akamwandikia risiti, akaisaini kwa saini yenye mkia mrefu kama wa tiara. Chini yake palikuwa na nambari ya simu. Mwalimu aliitia risiti ile kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na mnajua wenyewe mambo hayo yanavyokwenda.

Ugeni ni kazi. Chumba alichopanga kilikuwa ghorofa ya tatu, mfereji unakohoa kabla ya kutoa maji, mlango haufunguki mpaka uuinue kwa goti. Siku ya kwanza katika chumba cha walimu alikalia kiti ambacho mwalimu wa hesabu alikuwa amekikalia miaka kumi na minne. Hakuna aliyemwambia kitu, walimtazama tu. Darasani watoto waliigiza matamshi yake. Kilichompa nguvu ni simu ya jioni.

"Fundi wangu, leo wamenicheka tena."

"Walikucheka umesema nini, mwalimu wa roho yangu?"

"Nimesema tu 'kaeni.'"

"Ee, hata mimi ungenichekesha. Sema tena, taratibu."

"Kaeni."

"Mh! Nimekaa."

Basi ikawa hivyo, wiki hadi wiki. Jumapili wakatembea bustanini, yeye kavaa koti, fundi kavaa rangi ya machungwa ambayo ilifanya wapita njia wageuze shingo. Lakini nyumbani kwake fundi hakumpeleka. "Kuna ukarabati," alisema. Ukarabati gani usioisha, mwalimu hakuuliza. Mwanamume akipenda, masikio huenda likizo.

Ukarabati ulikuwa na miaka minane na meno mawili ya mbele yameng'oka. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake fundi, amemlea tangu yuko mgongoni. Wanaume wawili walishamposa fundi, na wote wawili walirudi kinyumenyume walipoona viatu vidogo mlangoni. Safari hii fundi akasema ataficha viatu kwanza, mapenzi yakikolea atavitoa. Wateja wakimkuta mtoto kibandani na kuuliza wa nani, alijibu, "Wa jirani."

Sasa angalia balaa. Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la tatu, kwa mwalimu mgeni yule yule. Wenzake walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi.

"Mwalimu wako akikuuliza unakaa na nani, usimwambie," fundi alimwonya.

"Kwa nini, mama mdogo?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amekuja na desturi ya kwao: kila jioni daftari la kazi liende nyumbani, mzazi asaini, kesho lirudi. Fundi angesaini vipi? Mkia wa tiara ungemsema. Daftari likarudi tupu siku ya kwanza, likarudi tupu wiki ya kwanza, likarudi tupu wiki ya tatu. Mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu, "Mzazi wako yuko wapi?" Akamweka Chiriku dawati la mwisho, na Chiriku akaacha kulia kama chiriku.

Ukaja mkutano wa wazazi. Barua ilisema mtoto ambaye hatakuja na mtu, Jumatatu asije. Fundi akajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, akavaa miwani ya jua, akakaa safu ya nyuma na mtoto ubavuni, kafichwa na migongo ya watu. Alijua hapo siri inamponyoka, lakini binadamu tuna tamaa ya kuponyoka na siri yetu hadi dakika ya mwisho.

Mwalimu alisimama mbele, kanyoosha mgongo, karatasi mkononi. Kwao wazazi wazembe walisimamishwa mbele ya wenzao, wakaona haya, wakajirekebisha. Hakujua njia nyingine.

"Mzazi wa Chiriku asimame."

Mwalimu akatazama karatasi yake.

"Wiki tatu hajasaini hata mara moja. Hayupo? Basi ndiyo maana. Mtoto huyu ni kama hana mwenyewe!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Huko nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Mwanamke akasimama, akavua miwani, akateremsha mtandio.

"Anaye," alisema. "Mimi hapa."

Karatasi ilimtoka mwalimu mkononi. Fundi alimshika mtoto mkono wakatoka, na pale ukumbini ulisikia jozi mbili za viatu, vikubwa na vidogo, mpaka getini.

Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Mwalimu, huku mzazi hukalishwa, hasimamishwi. Unamwita, unampa kiti, unamuuliza kulikoni nyumbani."

"Sikujua, mama."

"Kutojua nakusamehe. Lakini ile ya 'hana mwenyewe' hukuisoma kwenye desturi yoyote. Ile ilikuwa yako."

Alitamani sakafu immeze. Jioni akampigia mama yake, akamweleza yote, akitegemea kupozwa.

"Wewe!" mama akapiga kelele. "Madaftari yako nani alikuwa anasaini? Mimi nilikuwa shambani mpaka jua linazama. Ulikuwa unasaini mwenyewe, unaandika jina langu, mpaka darasa la saba!"

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Niliwahi kukusimamisha mbele ya watu?"

Mwalimu akakaa kitandani akiwa ameshika simu, masikio yanamwaka kama kapigwa vibao.

Kule kwa fundi, aibu ilikuwa ya namna nyingine. Walipofika, Chiriku akavua viatu vyake, akaenda kuvificha chini ya kitanda kama alivyofundishwa. Kisha akauliza:

"Mama mdogo, kumbe mimi ndiyo aibu yenyewe?"

Fundi alikuwa ameandaa maneno makali ya kumpa mwalimu. Yote yakakauka. Alitaka kumsuta mwanamume kwa kusema mara moja kile ambacho yeye alikuwa akikisema kila siku kwa mdomo mtamu: wa jirani, wa jirani.

Mwalimu alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Haloo? Fundi yupo?"

"Yupo, lakini kasema hayupo."

"Chiriku?"

"Ndiyo, mwalimu. Tunakula."

"Basi nakutaka wewe. Nisamehe. Nilisema huna mwenyewe, na nilisema uongo."

Mtoto akafikiri. Ukasikika mdomo unatafuna.

"Na dawati?"

"Kesho unarudi mbele."

"Sawa. Mama mdogo analia kwenye sahani. Kwa heri."

Ijumaa mwalimu aliwaomba wazazi warudi, akapanga viti kwa mikono yake, kila mtu akaketi ila yeye. Akaomba radhi, na hakutaja desturi za kwao hata kidogo. Fundi hakuja.

Jumamosi akaenda kibandani. Mstari ulikuwa mrefu, na fundi alikuwa amepiga magoti akipima pindo la mama mmoja mwenye harusi ya binti yake, sindano zimejaa kifuani pa aproni. Chiriku alikuwa juu ya kiti cha wateja, anachora.

"Na huyu mtoto mzuri ni wa nani?" mama yule akauliza.

Cherehani ya jirani ikanyamaza. Mwalimu akasimama pale pale alipofika. Fundi akatazama sakafu, kisha akainua uso.

"Wangu," alisema. "Nilikuwa nikiwaambia wa jirani. Nilikuwa nawadanganya. Ni wangu."

"Na huyo bwana anayetutolea macho?"

"Huyo bado."

Wateja wakacheka. Mwalimu akasogea, kofia mkononi.

"Fundi, nilikudhalilisha mbele ya watu, kwa hiyo niache niseme mbele ya watu. Nataka kukuoa. Na viatu vyake vikae mlangoni, mbele ya vyangu."

"Shuleni walikupa miezi mingapi ya majaribio?"

"Sita."

"Na mimi sita. Hukuniumiza mimi, mwalimu. Uliniumiza kwa mtoto. Na mimi nilimuumiza kabla yako, kwa hiyo wote wawili tuko majaribio."

"Nani atatukagua?"

"Mimi," akasema Chiriku, bila kuinua kichwa kwenye mchoro.

Mama wa harusi alicheka mpaka pindo likalegea. Fundi hakucheka. Mtoto alikuwa ameteremka kitini, anamvuta aproni.

"Mama mdogo, kesho wakija wengine utasema tena?"

Fundi akachomoa sindano kifuani, moja baada ya nyingine, akazichomeka zote kwenye meza, hakubakiza hata moja. Ndipo akamkumbatia.

"Nitasema mpaka watuchoke."