Kokoto za Reli ya Bwana Hollis

Athanas alikuwa mpishi wa Bwana Hollis kule Songwa, na aliwadharau watu wengi. Wachungaji aliwadharau kwa harufu ya ng'ombe. Makarani aliwadharau kwa kalamu walizochomeka mfukoni bila wino. Wakwe zake wa Kishapu aliwadharau kwa hirizi zao. Lakini aliyemdharau kupita wote ni tajiri wake mwenyewe, mpimaji wa ardhi, mzee wa mvi ambaye kila akitoka mgodini alivua viatu, akanywa chai, kisha akaenda chumba cha mbele kuchezea garimoshi.

Meza yake ilikuwa pana kuliko kitanda. Juu yake kulikuwa na vilima vya plasta, kituo cha mbao, daraja, na reli nyembamba iliyozunguka pande zote. Injini iliingia kiganjani. Bwana Hollis aliisindikiza kwa macho, mdomo wazi, na wakati mwingine alipiga mluzi.

"Mzee mzima," Athanas alikuwa akimwambia mkewe, Limi. "Kwetu Geita angefungwa kamba."

Mwaka huo wa 1953, reli na mataruma, vile vijiti vya kulalia reli, vilikuwa vimekwisha kupangwa. Zilibaki kokoto. Bwana alitaka changarawe ndogo mno, ya kijivu, yenye pembe, imwagwe katikati ya mataruma kama ilivyo kwenye reli ya kweli pale Shinyanga.

"Si mchanga," alisisitiza. "Mchanga ni wa watoto."

Athanas aliinama haraka asionekane anacheka.

Ardhi ya pale ni mbuga, udongo mweusi wa kunata. Changarawe ya namna hiyo haipatikani ovyo. Ila kando ya njia ya Kishapu palikuwa na rundo lake zuri. Chini yake alizikwa msafiri aliyekutwa amekufa kwa kiu. Hakujulikana jina wala kwao. Tangu siku hiyo kila mpita njia aliokota changarawe kwenye korongo lililokuwa jirani, akaidondosha pale, akaenda zake bila kugeuka. Walisema ni kumwambia atulie, asiinuke kufuatana nao.

Limi alimwona mumewe akichukua ndoo, akajua.

"Baba Mageni, pale usiguse."

"Kwa nini? Atanidai?"

"Yule hana ndugu. Ukimgusa atakushika wewe."

"Nyinyi watu wa Kishapu," alisema Athanas, "mtu akishindwa kubeba maji ya safari mnamfanya mfalme."

Alirudi na ndoo imejaa.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, kwa vile alipenda kuonyesha kwamba hata upuuzi anaweza kuufanya vyema kuliko wenye nao. Aliiosha changarawe, akaianika, akaichekecha kwa chujio la chai. Akaimwaga kwa kijiko katikati ya mataruma, akaisawazisha kwa brashi ya rangi mpaka hakuna hata chembe moja iliyolala juu ya chuma. Kisha Bwana akanyunyiza maji yenye sabuni kidogo, na Athanas akafuata na gundi nyepesi, tone kwa tone.

Kwenye kona iliyo karibu na dirisha, kokoto zilikunywa.

Alidondosha tone, likapotea. Akaongeza. Likapotea. Alimimina kikombe kizima cha gundi, na changarawe ikabaki kavu, nyeupe kwa vumbi. Akachungulia chini ya meza akitafuta inapovujia. Sakafu ilikuwa kavu.

"Mbao mbovu," alisema Bwana Hollis.

Asubuhi yake mtungi wa jikoni ulikuwa mtupu. Na birika. Na glasi ya maji ya Bwana kando ya kitanda.

Kisha wakaanza kuja watu.

Ilikuwa siku ya mnada wa Kishapu, jua limepanda. Athanas alikuwa anamenya viazi alipoona wanawake wenye vikapu kichwani wakiiacha barabara, wakikatiza bustani ya Bwana, wakipanda ngazi za baraza. Hawakuzungumza. Kila mmoja alipofika chini ya dirisha la chumba cha mbele aliinama, akadondosha changarawe, akaenda zake bila kugeuka. Nyuma yao walifuata wanaume na ng'ombe wao. Nao vilevile.

Athanas alitoka na kisu mkononi. "Hii nyumba ya mzungu! Mmelewa?"

Walizidi kupanda ngazi. Akamshika mkono mwanamke mmoja aliyemfahamu, Mbuke, jirani ya wakwe zake.

"Mwangaluka, Mbuke," alimwamkia kwa Kisukuma. "Unafanya nini hapa?"

"Mwangaluka, baba." Macho yake yalimpita, yakatazama mbali, kama mtu aliye porini. "Napita njia yangu. Si ile ile ya kila siku?"

"Hii ni baraza!"

"Ni hapa hapa," alinong'ona Mbuke. "Siwezi kukosea kaburi."

Akauchomoa mkono wake polepole, akadondosha kokoto, akaenda.

Bwana Hollis aliporudi alilikuta rundo barazani. Alimwangalia Athanas vile Athanas alivyozoea kuwaangalia wengine.

"Mchezo wa kijinga," alisema. "Fagia."

Akaingia kwenye garimoshi lake. Athanas alifagia, amekasirika. Ndani alisikia injini ikizunguka. Ikazunguka. Ikasimama. Alingoja isikike tena. Kimya.

Alipeleka chai. Bwana alikuwa ameinama kwenye kona ya dirisha, shavu limegusa meza, jicho moja likitazama reli kwa usawa.

"Bwana. Chai."

"Usipige kelele," alinong'ona Bwana Hollis. "Amelala."

"Nani?"

"Hapa. Ameweka kichwa relini." Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. "Ananiomba maji, Athanas. Nimempa yote."

Yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Gari la mgodi lilimchukua jioni ile ile. Hakurudi.

Limi hakungoja. Alimbeba mtoto wao, akaenda kwao. Mlangoni alisema neno moja tu: "Rudisha."

Athanas alibandua kokoto zote kwa kisu cha jikoni, akikwaruza mpaka plasta ikatoka. Akazoa na za barazani. Hakuogopa, alijiambia. Alikuwa anaondoa uchafu. Mchana kweupe alibeba ndoo hadi njia ya Kishapu.

Kaburi lilikuwa wazi.

Halikuchimbwa. Udongo ulikuwa umesukumwa kutoka ndani, umemwagika pande zote. Shimo lilikuwa tupu.

Alimwaga changarawe humo. Akaondoka mbio, ndoo akaiacha.

Kwa wakwe zake alipiga hodi mara mbili. Mara zote mama mkwe alichungulia, akatazama nyuma ya bega lake, akafunga mlango. Limi alilia ndani, lakini hakufungua.

Basi Athanas akaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, mahali ambapo hakuna mtu wa Songwa wala wa Kishapu amjuaye. Siku ya kwanza, saa sita mchana, aliingia kwa Paskazia, mama aliyewapikia wachimbaji chini ya turubai. Alikaa peke yake kwenye benchi, akatazama sufuria zake kwa kuzidharau, akaagiza ugali na maharage.

Paskazia akaleta sahani mbili.

"Niko peke yangu," alisema Athanas.

Mama yule alitazama benchi. Akamtazama yeye. "Samahani, baba. Nilidhani..." Akarudi jikoni haraka, sahani ya pili akaisahau.

Athanas alikula ameinamisha kichwa. Hakutazama kando hata mara moja. Alipomaliza alinyanyuka, akatoka, na hakuonekana tena Nyarugusu.

Paskazia alikwenda kutoa vyombo. Sahani ya pili haikuwa imesogezwa. Lakini ugali ule, ambao ulikuwa bado unatoa moshi, ulikuwa umemegwa tonge moja. Palipomegwa palikuwa na alama za vidole vinne, ndefu, na ndani ya kila alama udongo mweusi.