Siku Tisini za Onchiri

Alhamisi hiyo soko la Daraja Mbili mjini Kisii lilikuwa limefurika. Mikungu ya ndizi ilishushwa kutoka vichwani, wauza mitumba walishindana kwa sauti, na katikati ya vurumai hiyo msumari wa kibanda ulilikamata koti la kijivu la Onchiri ukalipasua mkono hadi kwenye kiwiko.

"Simama hivyo hivyo!" sauti ya kike ilimwamuru. "Ukivuta, utararua na bitana."

Mwenye sauti alikuwa Bonareri, mshonaji wa sare, mwanamke mrefu ndani ya gauni la kitenge lililomkaa kana kwamba lilishonwa akiwa amelivaa. Alimnasua, akamvusha barabara hadi dukani kwake. Humo Onchiri aliona vyerehani sita, na mafundi sita walioketi mikono mapajani.

"Mbona hawa hawashoni?"

"Wananingoja nikate. Hapa kitambaa hukatwa kwa mkono wangu tu."

"Na ukiugua wiki mbili?"

"Siugui."

"Nimeuliza ukiugua."

Bonareri aliinua macho kutoka kwenye koti. "Kwani wewe ni polisi?"

"Ni kocha wa biashara."

"Kocha! Jamani, njooni mwone, kocha wa timu ya Shabana amerarukiwa koti!"

Mafundi waliangua kicheko. Onchiri hakucheka, lakini Jumanne iliyofuata alirudi, na Jumanne nyingine baada ya hiyo, kwa kuwa Bonareri alikuwa amekubali kufunzwa.

Onchiri hakumpa majibu. Alimuuliza maswali, kisha akanyamaza hadi Bonareri ayajibu mwenyewe. Hivyo ndivyo Bonareri alivyochora vipimo vyote kwenye karatasi ngumu, akamfundisha Purity, fundi wake mkuu, kukata. Siku Purity alipokata joho la kwanza la kwaya, Bonareri alitoka nje akasimama mvuani ili asimpokonye makasi. Joho lilikuwa safi. Mwezi haukuisha kabla hajapokea kazi ya sare za shule moja ya Nyamira, kazi aliyokuwa ameikataa mara tatu kwa kukosa nafasi.

Jumatano moja Bonareri alimpigia Onchiri simu kutoka kijijini Ikonge, kwa mama yake.

"Mwalimu, niko shambani nachuma chai siku ya kazi. Umewahi kusikia maajabu hayo?"

"Na duka?"

"Halijanipigia hata mara moja. Limenisahau, kama wanaume wanavyosahau."

"Si wote."

Onchiri alilisema kabla hajajizuia, kisha akaaga haraka.

Wiki hiyo hiyo Onchiri alifika dukani, akakataa kiti.

"Kuanzia leo utaendelea na Mama Mong'ina. Ni kocha hodari kuliko mimi."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Tafadhali, usinipigie simu kwa muda."

Akaondoka. Ukweli ni kwamba alikuwa amekula kiapo cha kazi yake: kocha hamposi mteja wake mpaka siku tisini zipite tangu waachane kikazi. Alimwachilia mwanafunzi ili ampate mchumba. Kiapo kilikuwa cha haki. Kosa lilikuwa kiburi chake, kiburi cha mtu ambaye tangu akiwa shule ya bweni hajavunja kanuni, na kwa hiyo hadhani kwamba anadaiwa na mtu yeyote maelezo.

Bonareri aliamini kwamba ameachwa kwa kuwa hafundishiki. Akampokonya Purity makasi. Vyerehani vikanyamaza tena, na sare za shule zikalala mezani bila kukatwa. Jumanne zilipofika alivaa vizuri, akatazama mlango, akamchukia kila aliyeingia.

Onchiri naye, nyumbani kwake Nyamira, aliketi kanisani siku ya Sabato. Kwaya ilipoinuka, aliutambua kwenye majoho yao mshono wa duka la Bonareri, na mahubiri yote yakampita.

"Mwanangu," Mama Mong'ina alimuuliza Bonareri siku moja, akiyatazama makasi, "unamwadhibu nani?"

Bonareri alilia mbele ya mafundi wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Asubuhi iliyofuata alimrudishia Purity makasi na kumwomba radhi. Sare zilifika siku mbili kabla ya shule kufunguliwa.

Kisha, adhuhuri moja, simu yake iliita.

"Bonareri, ni mimi."

"Mimi nani? Nina wateja wengi."

"Onchiri. Leo ni siku ya tisini na moja tangu niache kuwa kocha wako. Niliapa kutoposa mteja kabla ya hapo. Nakupenda. Nilikupenda ukiwa bado mwanafunzi wangu, ndiyo maana nikaondoka."

Bonareri aliketi juu ya robota la kitambaa. "Ungeniambia!"

"Kukuambia kungekuwa kuvunja kiapo."

"Na moyo wangu? Huo ulikuwa halali kuuvunja?"



"Nisamehe, mpenzi," alisema Onchiri.

"Rudia."

"Nisamehe."

"Si hilo. Lile jingine."

"Mpenzi."

Bonareri alifumba macho. "Basi nisikilize. Tuma esigani, mshenga wa heshima, kwa mama yangu, aulize na kuulizwa habari za koo zetu. Nawe ukae Nyamira ungoje. Usipige simu mpaka nipige mimi."

"Nitangoja siku ngapi?"

"Sitakuambia. Mimi nani aliniambia?"

Mzee Ogoti, mshenga aliyemchagua Onchiri, alitumwa Ikonge, akaenda, akarudi, akakataa kusema neno. Onchiri alihesabu wiki moja, kisha mbili. Alikuwa akiitazama simu kama mgonjwa anavyoutazama mlango wa daktari. Siku ya kumi na tisa iliita.

"Njoo Jumapili," Bonareri alisema. "Mama anauliza kama unajua kuchuma chai."

"Sijui hata kidogo."

"Nimemwambia utafundishwa."