Alama ya Kamba ya Upinde

Siku ya mnada pale Maganzo, Apolonia hakwenda kutafuta mchumba. Alikwenda kununua zipu na nyuzi za cherehani yake, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri hata wauza ng'ombe wawili wakasahau bei waliyokuwa wakibishania. Kando ya zizi watu walikuwa wakishindana kulenga kibuyu kwa pinde na mishale. Mwenye pinde hizo alikuwa Ngusa, fundi seremala, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu. Apolonia akaomba naye ajaribu, watu wakacheka. Alivuta, akaachia, na kamba ikamchapa ndani ya mkono wa kushoto, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Ngusa peke yake hakucheka. "Bega umelipandisha na kiwiko kinatazama chini," alimwambia. "Kamba inapita njia yake, dada. Mkono wako ndio umekaa njiani."

"Basi ufundishe adabu."

Akaufundisha. Ikawa kila Jumapili baada ya misa, nyuma ya karakana: simama ubavu, shusha bega, upinde uegemee chini ya dole gumba bila kuukaba, kiwiko kigeuze kitazame nje. Mwanafunzi alishika yote, ila kiwiko alikisahau kila mwalimu alipotabasamu. Ngusa alimpa kipande cha ngozi afunge mkononi, akakikataa, eti kitamfanya mvivu. Jioni simu zilianza na swali lilelile.

"Kiwiko kimeshindaje, mpenzi?"

"Kimeshinda kikikuwaza wewe."

Nyumbani, hata hivyo, ilikuwa siri. Baba yake, Mzee Mabula, kamanda mstaafu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alikuwa na upinde wake ukutani na alishasema mara nyingi, hata mbele ya wageni, kwamba haushikwi na mwanamke. Ndiyo maana Apolonia alivaa mikono mirefu katika joto lote la Oktoba.

Wiki ambayo washenga wa Ngusa walitarajiwa, mama alimkuta akiosha vyombo, mikono ya gauni ameikunja. Aliona alama za zambarau, nyingine zimeanza kugeuka kijani. Akauliza ni nani aliyempiga. Apolonia akajibu ameanguka, na mama akataka kujua ni nani anayeangukia upande wa ndani wa mkono. Binti akanyamaza. Habari ikamfikia baba, naye hakuomba hata kuuona mkono wenyewe. Alichukua simu, akamwambia Ngusa kwamba nyumba yake haipokei washenga wa mwanamume anayepiga kabla hata ya kuoa. Apolonia alisikia kila neno kupitia dirisha.

Ngusa alimpigia baadaye.

"Baba yako anasema nakupiga. Wewe umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Baba yako aniite mkorofi, nitavumilia, hanijui. Kunyamaza kwako ndiko kunakoniumiza."

Akakata. Siku tatu simu haikulia. Apolonia alishona zipu juu chini, akaifumua, akaishona juu chini tena. Alimpenda mtu yule, na alijua kwamba kumpoteza kwa ajili ya ulimi mzito ni upumbavu usio na dawa.

Jumamosi, siku ile ile ya washenga, alimtumia ujumbe: "Njoo kwetu saa nne. Ukichelewa nitaanza bila mwalimu." Akavaa gauni la njano, mikono wazi, akautungua upinde ukutani. Ngusa alifika akasimama kwenye ua wa minyaa. Mzee Mabula alikuwa akinywa uji, kikombe kikaishia njiani.

"Baba, Ngusa hajaninyooshea hata kidole," Apolonia alisema. "Alama hizi ni za kamba ya upinde. Nilikuogopa, nikamwachia mwenzangu abebe aibu yangu."

Akasimama ubavu, akaulenga mpapai. Kwa hofu bega likapanda, kiwiko kikatazama chini, na kamba ikamchapa palepale penye alama za zamani. Mshale ukaangukia kwenye majivu.

Mzee alimwendea, akaushika mkono ule na kuutazama kwa mara ya kwanza. Kisha akakunja mkono wa shati lake. Ndani ya mkono wake wa kushoto palikuwa na kovu jembamba, limepauka.

"Kiwiko," alisema. "Kigeuze nje."

"Nimemwambia tangu Julai," Ngusa akasema kutoka kwenye ua. "Shikamoo, mzee."

Mama aliangua kicheko hadi akashika ukuta. "Na wewe, Baba Apolonia, marehemu mama mkwe aliniambia ulimdanganya umeanguka. Kumbe kuanguka ni ugonjwa wa ukoo huu."

Mzee alisimama nyuma ya binti yake mpaka bega liliposhuka. Safari hii kamba ilipita bila kumgusa, na mshale ukazama kwenye mpapai. Apolonia alimtazama Ngusa.

"Nisamehe. Sitakunyamazia tena."

"Nimekusamehe tangu nilipoliona gauni."

"Marahaba, kijana," alisema Mzee Mabula, amechelewa kuitikia. "Washenga wako ungewapata lini tena?"

Ngusa akaangalia chini. "Wako pale dukani, mzee, wanakunywa soda. Sikuwa na moyo wa kuwaambia wasije."

Mzee akanyoosha mkono kuupokea upinde wake, akafikiri, akauacha mikononi mwa binti yake na kwenda kutafuta viti.