Tarakimu Aliyoichukua Mtani

Ndugu zangu wa Lindi, wale wa rika langu mnaukumbuka uwanja wa tenisi uliokuwa kule juu, jirani na nyumba za wakubwa wa serikali. Wazungu walipoondoka walituachia neti yenye matundu na raketi sita, nasi baada ya Uhuru tukaufungua kwa watoto wote. Saa kumi jioni tulichora mistari kwa chokaa. Mipira iliyokuwa myeupe ilishakuwa myekundu kwa udongo, na mmoja ukipotelea mikoroshoni mchezo ulisimama mpaka upatikane. Nikizikumbuka jioni zile moyo hunilainika, mnisamehe.

Mimi, Mwalimu Abdulrahmani, ndiye niliyekuwa mwamuzi wa kumchagua chipukizi bora wa mwaka. Mwaka 1969 nafasi ilikuwa moja: mtoto atakayechaguliwa angekwenda Dar es Salaam kufundishwa mwezi mzima, na akionekana anafaa angebaki asome huko huko.

Wawili ndio waliofika mwisho. Mwanasha alikuwa na miaka kumi na minne, akilelewa na shangazi yake Mwahija, muuza vitumbua. Alicheza pekupeku, na sijaona tena mtoto mwenye mkono kama ule. Wa pili alikuwa Nassibu, mtoto wa Likwata, dresa, mfunga vidonda wa zahanati. Nassibu naye hodari, lakini Mwanasha alimshinda mara mbili mbele ya watu. Nikaandika alama kwa mkono wangu: Mwanasha 27, Nassibu 24.

Sasa, Likwata alikuwa mtani wangu. Utani wa kwetu mnaujua. Mtani huingia uani kwako akabeba kuku, nawe ukacheka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kosa. Likwata alishanibebea kuku wanne na mwamvuli.

Jioni ile alinikuta peke yangu na karatasi yangu.

"Mtani," akasema, "kwako nimezoea kuchukua kuku. Leo nachukua kalamu."

"Chukua, mwizi mkubwa wewe," nikamjibu.

Akaichukua. Akaigeuza ile nne kuwa tisa: Nassibu 29. Akanirudishia kalamu, akasubiri. Nami, jamani, nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe kwa mazoea, na baada ya kucheka sikujua namna ya kukasirika. Kesho yake nikaisoma karatasi ile mbele ya watu.

Mwahija alikuwa ameshamshonea binti gauni la safari. Alimshika Mwanasha mkono wakaondoka. Nassibu ndiye aliyenifuata.

"Shikamoo Mwalimu. Mwanasha alinishinda. Wewe uliona."

"Marahaba. Hayo mambo ya wakubwa, mwanangu. Nenda ukafunge mzigo wako."

Alikwenda, akarudi kabla ya mwezi kwisha. Raketi aliiweka juu ya kabati la mama yake na hakuishika tena. Zamani baba na mwana walikula sinia moja. Sasa Binti Hasani, mama yake, akawa anapakua mara mbili, maana kijana hakukaa na baba yake akala. Likwata aliyekuwa akichekesha mtaa mzima akawa anakula peke yake, mgongo ukiwa mlangoni. Alipokua Nassibu alihamia Kinjumbi, akawa haonekani ila Idi.

Mwanasha hakuja tena uwanjani. Watu walipohamia vijiji vya ujamaa, shangazi yake alimchukua wakaenda Rutamba kulima. Mwaka uliofuata shindano lile watoto walipungua, wakisema mshindi anajulikana kabla ya mchezo. Neti ikaoza. Mistari ikafutika, watu wakaanza kuanika makopa ya muhogo pale.

Mwaka 1975 Likwata alifariki. Watani tuna kazi yetu msibani, nami nikasimama mbele ya jeneza kama ilivyo desturi, nikazuia njia.

"Huyu hapiti," nikasema. "Kaniibia kuku, kaniibia mwamvuli, na kaniibia tarakimu. Arudishe nne yangu ndipo azikwe."

Waombolezaji wakacheka. Nilidhani hatimaye nimetua mzigo. Kumbe Mwanasha alikuwepo, amekuja kutoka Rutamba na mtoto mgongoni. Yeye hakucheka, akainamisha uso. Nassibu, aliyebeba jeneza upande wa mbele, aliniangalia sana.

"Mwalimu," akasema taratibu, "baba alichukua. Wewe ndiye uliyempa."

Nikapisha njia.

FUNZO

Wasomaji wangu, sikatazi utani. Umetuunganisha watu wa pwani na wa bara, na hadi leo namkumbuka Likwata kwa mapenzi. Lakini mtu humpa mtani wake kilicho chake. Kuku walikuwa wangu, mwamvuli ulikuwa wangu, ningeweza kucheka. Nafasi ya Mwanasha haikuwa yangu, nami niliitoa huku nacheka, nikamnyima yeye na nikamharibia Nassibu nyumba yao. Ukikabidhiwa kuwaamua watoto wa watu, jifunze kununa. Mimi nimejifunza, ila uwanja haupo tena.