Sambaza wa Victorine

— Parfait, huyu mwanamke ni nani?

Meneja alimwonyesha kwa kidole Victorine, aliyesimama mlangoni mwa mgahawa huko Rosebank, mtaa wa matajiri, amevaa kitenge chake kizuri na kushika koti ambalo Parfait alilisahau nyumbani. Ukumbi ulijaa wageni wakubwa. Parfait akamwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akaona haya.

— Ni fundi wangu wa nguo, Madam. Ameniletea koti.

Victorine alisikia. Miaka minne walikuwa wameishi chumba kimoja mtaani La Rochelle, upande wa pili wa jiji, na kwao Bukavu mahari yalikuwa yamekwisha kupokelewa. Alimkabidhi koti, akageuka, akaenda zake.

Na chakula kilichowaleta wageni wale kilitoka mikononi mwake.

Wiki tatu nyuma, meneja alimpa Parfait, aliyekuwa mhudumu tu, chupa ya mvinyo mweupe uliotengenezwa kando ya ziwa huko Uswisi, atafute chakula cha kwenda nao. Alijaribu kuku wa pilipili, akajaribu nyama choma. Wapi! Mvinyo ule mwepesi ulipotea mdomoni kama maji. Jioni hiyo Victorine alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Kivu, akakamulia ndimu.

— Chéri, onja sasa. Huu ni mvinyo wa watu wa ziwa kama sisi. Unataka samaki mdogo na chumvi kidogo, basi.

Parfait akaonja, akabaki mdomo wazi. Kesho yake meneja naye alionja, akashangaa.

— Nani kakufundisha?

— Nimegundua mwenyewe, Madam.

Kwa uongo huo akapandishwa cheo, akawa mkuu wa vinywaji.

Sasa, wageni wakiwa bado wanampongeza, simu ikatetemeka mfukoni.

“Sambaza nilikupa kwa moyo, hata merci sikudai. Lakini kunikana mbele ya watu! Niko kwa dada Héritière, Soweto. Usinifuate.”

Kesho yake asubuhi Parfait alimweleza meneja ukweli wote, kisha akapanda teksi hadi Soweto. Victorine alimpokea getini, hakumkaribisha ndani.

— Vicky, nimesema kila kitu. Wameandika jina lako kwenye menyu.

— Ni vizuri.

— Nisamehe, mama.

— Nimekusamehe.

— Basi turudi nyumbani.

— Kusamehe ni kitu kimoja, Parfait, kurudi ni kingine. Ungekuwa umeteleza ulimi, ningerudi. Lakini uliniangalia kwanza, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, ndipo ukanikana. Nitalalaje karibu na macho yale?

— Eish, Vicky, nilikuwa mjinga. Nipe nafasi moja tu.

— Nilikupa miaka minne.

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Parfait akabaki ameshika nondo za geti, jua likimchoma utosini. Baada ya muda mrefu alitoka Héritière peke yake, macho mekundu.

— Shemeji, nenda. Analia, lakini hatoki.