Bibi Amechoka

Walikutana kwenye foleni ya kuchapisha karatasi, chuo kizima kimejaa pale, kila mtu na haraka zake. Yeye ni mkutubi msaidizi, gauni la kijani, miwani imefika mashavuni. Mbele yake fundi wa maabara ya kompyuta akageuka.

"Bibi, namba yako unaiona kweli?"

"Bibi yako nani?"

"Wewe. Miwani hiyo ni ya bibi kabisa."

Akacheka, na jina likaganda. Ikawa Bibi umekula, Bibi umelala, simu hazipoi.

Kazi ya fundi ilikuwa kugawa. Hesabu kubwa ya kutabiri mvua ikifika, anaikata vipande, anavisambaza kwa kompyuta arobaini: zenye nguvu zinapewa vizito, kongwe vyepesi, ili zote zimalize pamoja.

Basi jamani, fundi akaletewa barua. Kazi nchi ya mbali, miaka miwili, jibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

"Ukisema baki, nabaki," fundi alimwambia.

"Nitakujibu Ijumaa asubuhi," akaringa kidogo. Moyoni alishasema baki zamani.

Ijumaa akashuka maabara, midomo imepakwa rangi. Fundi katoka. Mezani kuna karatasi, mwandiko ni wa fundi: *Bibi amechoka. Asipewe tena kazi. Nimepata mwingine, mpya, ana kasi.*

Akaenda moja kwa moja kwa dada yake, akamzuia fundi kwenye simu. Fundi akapiga mara kumi na nne. Saa sita ikafika, akasaini. Jumapili akasafiri.

Wiki tatu baadaye mkutubi alitumwa maabara kupeleka kitabu. Pembeni aliona kompyuta chakavu, imebandikwa kikaratasi kilichofifia: BIBI.

"Huyo ndiye mkongwe wetu," mwenzake fundi akasema. "Tulitaka kumpumzisha. Jina nimelikuta nilipoajiriwa."

Akamfungulia fundi simu, akampigia palepale.

"Nilisoma karatasi yako. Nikadhani Bibi ni mimi."



"Nimeshasaini, mpenzi," fundi akasema.

"Najua."

"Yule Bibi wamemtupa?"

"Yupo. Bado anawaka."

"Basi mpe kazi moja. Anisubiri."

"Miaka miwili? Nzito hiyo. Atachoka."

"Mkatie vipande," fundi akasema. "Mpe siku moja moja."